Kabichi za Novemba

Kama hujawahi kumwona mtu akiringa kwa kabichi, basi hukumjua Kunigunda wa Namswea. Zilikuwa zama za ruksa, milango imefunguliwa, mitumba imemwagika mpaka kwenye minada ya vijijini, na wanawake wenzake walikuwa wakiringa kwa magauni ya Ulaya na redio za kaseti. Yeye aliringa kwa bustani. Jumapili watu wakitoka misa aliwapitisha njia ya bondeni, eti ya mkato, kumbe ndiyo ndefu kuliko zote, ili tu wapite kando ya matuta yake waseme. Na walisema. Asiyesema alipitishwa tena Jumapili iliyofuata.

Na tumpe haki yake, jamani, bustani ile ilikuwa bustani. Kabichi zimefunga kichwa mpaka zinapasuka, karoti, vitunguu, maboga yanayotambaa hadi uani kwa jirani yake Aurelia. Shida ilikuwa moja, nayo kila mtu wa mlimani aliijua. Mwezi wa saba na wa nane mboga zilikuwa nyingi hata mbuzi walizikinai. Malori ya wachuuzi yalikuja kuzisomba kwa bei ya dhihaka, na zilizobaki ziliozea shambani. Kisha mwezi wa kumi kijito kinakauka, bustani inakufa, na mpaka mvua zilete majani mapya watu wanashushia ugali kwa maharage, kesho maharage, keshokutwa maharage. Ndivyo walivyoishi, wala hakuna aliyeona aibu, mpaka mwanamke wa ziwani alipopanda mlima kuja kuwasema.

Mwaka huo binti yake, Edina, alichumbiwa na Dunstan, kijana wa Mbamba Bay, kule ziwani, aliyekuwa akipandisha samaki wakavu kuwauza soko la Mbinga. Kijana mpole, mwenye heshima, hana neno. Maneno yote alikuwa ameyachukua mama yake, Eliza.

Eliza alikuja na ujumbe wa posa mwezi wa tano, wakiongozwa na mshenga, Mzee Nazari. Kunigunda aliwaandalia kila kilichoota bondeni. Wageni wakala, wakashiba, wakajipangusa. Eliza akasukuma sahani, akasema kwa ile sauti ya utani ambayo ukikasirika unaonekana wewe ndiye mbaya:

"Mboga nzuri, mama, hongera. Ila nyie watu wa milimani tunawajua. Sasa hivi mnakula kama maaskofu, ikifika mwezi wa kumi na moja mnalamba chumvi. Sisi ziwa letu halikauki. Huyu binti akifika kwetu ndipo atakapojua kumbe kitoweo ni cha mwaka mzima."

Wageni wakacheka. Wenyeji nao wakacheka, kwa adabu tu. Edina alikuwa amepiga magoti akiwanawisha wageni mikono, na Kunigunda akaona birika likitetemeka na maji yakimwagikia mkeka. Hicho ndicho kilichomkata maini, wala si utani wa Eliza. Aliona kwa macho yake jinsi mtoto wake atakavyotambulishwa katika nyumba ile: mtoto wa wenye njaa, kaja kwetu kushiba. Neno la namna hiyo likishaingia jikoni kwa mama mkwe halitoki, mwanamke anazeeka nalo.

"Mzee Nazari," aliuliza, "harusi tumesema lini?"

"Mwezi wa kumi na moja, mama. Kahawa itakuwa imeuzwa, na tutawahi kabla ya Majilio."

"Vizuri sana. Mama Dunstan, siku hiyo utakula mboga papa hapa. Si ya kununua. Ya bustani yangu hii uliyokula leo. Kabichi, karoti, na majani juu yake. Nikikosa, nitashuka Mbamba Bay mwenyewe nikuoshee vyungu vyako mbele ya majirani zako."

Mumewe, Joakim, akapaliwa na togwa. Eliza akatabasamu, akamwambia Mzee Nazari, "Umesikia wewe, usije ukasema hukuwepo."

Wageni walipoondoka, Joakim aliwasha kiko chake. Akasema, "Mama Edina, kabichi ya mwezi wa kumi na moja wewe umeiona wapi?"

"Nitaiona kwangu."

"Mdomo huo."

"Ndio huo huo uliokuitikia kanisani," alisema Kunigunda, akaingia ndani. Lakini alikuwa hajui hata kidogo atafanyaje.

Akafikiri wiki nzima, na jibu alilolipata lilimfurahisha hata akacheka peke yake. Ngoro! Mlimani kwao hakuna asiyelima ngoro. Unakata nyasi, unazilaza miraba miraba kwenye mteremko, unazifukia kwa udongo, na kila mraba unabaki na shimo lake katikati la kushika maji. Jua liwake litakavyo, maharage juu ya ngoro yanabaki kijani. Na ngoro za Kunigunda zilikuwa zimenyooka, bwana shamba wa wilaya aliwahi kuleta wageni kuzitazama. Sasa akajiuliza, kama ngoro inatunza maharage yaliyo hai kiangazi chote, itashindwaje kutunza kabichi iliyolala? Uongo uko wapi hapo? Hata mimi ningeingia mkenge.

Basi mwezi wa saba, bustani ilipofurika, akachimba shimo nyuma ya ghala la kahawa. Akakata nyasi mbichi, akazilaza kama alivyofundishwa na mama yake, akapanga kabichi, akalaza nyasi, akapanga karoti, akalaza nyasi tena, akafunika kwa udongo na kuupigapiga kwa mgongo wa jembe. Aurelia alikuja kuchungulia juu ya ua wa matete.

"Unamzika nani, jirani?"

"Namzika Mama Dunstan," alisema Kunigunda, wakacheka mpaka wakashikana.

Wachuuzi walipokuja na lori aliwafukuza. Wenzake walijaza magunia, yeye alisimama mlangoni mikono kiunoni, akawaambia warudi mwezi wa kumi na moja, atawauzia kwa kupigiwa magoti. Kichwa kilimvimba. Alikwenda kwenye jumuiya akaeleza habari za shimo lake mpaka sala ikachelewa kuanza.

Mwisho wa mwezi wa nane harufu ikaanza. Mwanzo alisema ni panya kafia kwenye ukuta. Kisha akasema ni mbolea ya Aurelia. Siku ya tatu ya harufu alichukua jembe, akafukua. Lo! Mvuke ulimpiga usoni kana kwamba kafunua sufuria. Kabichi zilikuwa uji mweusi. Karoti zilikuwa na manyoya. Alitia mkono, akautoa haraka, shimo lilikuwa na joto la kuchemshia yai.

Akakaa kitako pembeni ya shimo, miguu ameinyoosha, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Nyasi za ngoro zinawekwa ili zioze! Ndiyo kazi yake! Zinaoza ziwe mbolea, zinachemka huko chini, ndiyo maana maharage yananenepa. Tangu utoto alikuwa akizilaza nyasi zile kwa mikono yake ili zioze, halafu amechukua mboga za harusi ya mwanawe akazilaza humo humo. "Mama yangu wee," alisema kwa sauti, "nimezipika."

Aurelia alikuja, akaziba pua kwa khanga, akaangalia. Mtu mwingine angecheka. Aurelia, Mungu ambariki, hakucheka, ila alitoa ushauri wa hovyo.

"Nenda Mbinga wiki ile ya harusi. Siku hizi malori yanaleta kila kitu, hata kabichi za Njombe. Nunua, pika, nyamaza. Kabichi haina jina."

"Ya kwangu inalo. Nimeapa mbele ya mshenga."

"Umeapa kwa hasira."

"Ndiyo. Na sasa nitatimiza kwa hasira."

Lakini maneno hayo hayakumpa mboga. Alilia jioni ile, alilia kweli, akimsikia Edina jikoni akiimba nyimbo za kwaya, hana habari kwamba mama yake amemwaibisha kabla hajaolewa. Kesho yake akarudi kusafisha shimo, maana harufu ilikuwa inafika njiani. Na katika kulifagia ndipo alipoona jambo. Pembe moja ya shimo ilikuwa imekata kwenye mabaki ya mchanga, ule ambao Joakim aliuleta zamani wakati wa kujenga ghala. Karoti chache zilikuwa zimeporomokea humo, mbali na nyasi. Akaokota moja. Ngumu. Akaifuta kwenye gauni, akaiuma, ikalia kru! Akaila yote pale pale shimoni, na mchanga wake kidogo.

Akainuka mbio kumtafuta Joakim amwonyeshe. Joakim alikuwa ghalani, anafagia. Na hapo, kwenye msumari wa boriti, ilikuwa inaning'inia kabichi moja, kichwa chini, mizizi juu.

"Hiyo nini?"

Joakim akajikuna kisogo. "Ile uliyonipa mwezi wa saba nimpelekee Mzee Nazari. Niliing'oa na mizizi yake nikaitundika hapo, halafu..."

"Halafu ukasahau."

"Halafu nikasahau."

Kunigunda aliitungua. Majani ya nje yalikuwa yamekauka kama karatasi. Akayabandua, moja, jingine, na chini yake kabichi ilikuwa nyeupe, imekaza, haina hata doa. Tangu wafunge ndoa, uzembe wa Joakim ulikuwa haujamsaidia mtu, lakini siku ile Kunigunda alimkumbatia mume wake mchana kweupe, mbele ya kuku, na Joakim hakujua amefanya jema gani.

Na tazama mambo yalivyopangika. Miaka ya nyuma mwezi kama ule ghala lingekuwa limejaa magunia, kahawa inangoja zamu ya chama cha msingi mpaka inaota buibui. Mwaka huu wanunuzi binafsi walikuja na pikapu zao mpaka mlangoni wakaibeba yote. Ghala lilikuwa tupu, lenye giza, kuta nene za udongo, baridi hata saa saba mchana. Na bondeni bado kulikuwa na miche aliyoipandikiza kwa kuchelewa, iliyodumaa hata akawa anaidharau. Ile ile akaanza kuimwagilia asubuhi na jioni, ndoo kichwani, mpaka mwisho wa mwezi wa tisa ikafunga vichwa vizuri, kabla kijito hakijakata roho.

Kilichobaki ni mchanga. Mlimani kwao udongo ni mwekundu, unanata, ukikauka unaganda. Ule wa Joakim ulikuwa umekwisha, na wa kijitoni ulikuwa na matope. Mchanga safi, mkavu, wa kumwagika vidoleni, uko ziwani. Yaani kwa Eliza.

Aliteseka kwa hilo kuliko alivyoteseka kwa kabichi. Lakini Dunstan alipopanda na samaki, akapita kumsalimu mchumba wake, Kunigunda alipiga moyo konde. Sasa, kwa kawaida ya kule mkwe na mama mkwe hawazoeani. Kijana akimwona mama mkwe njiani anaacha njia, anasimama majanini, anaangalia chini. Akitumwa haulizi. Kunigunda alisimama ndani ya mlango, kijana akasimama nje nyuma ya mgomba, na maneno yakapitia kwa Edina ingawa kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri.

"Edina, mwambie mwenzako, akija tena, aniletee mchanga wa pwani ya ziwa. Magunia mawili. Mkavu."

Edina akageuka. "Mama anasema mchanga."

"Shikamoo mama. Ndiyo mama," alisema Dunstan kwa mgomba.

"Mwambie na aupepete."

"Ndiyo mama."

Aliuleta, maskini ya Mungu, juu ya lori la mizigo, huku utingo akimuuliza kama huko milimani mawe yamekwisha. Hakuuliza ni wa nini. Na mama yake alipomhoji alijibu kwamba atamuulizaje mkwe wake swali. Basi Eliza akajijibu mwenyewe, na Mzee Nazari, ambaye mdomo wake nao haukuwa na mlango, akayapandisha majibu hayo mpaka Namswea: Mbamba Bay yote inacheka, wanasema Wamatengo wa milimani wameishiwa kabisa, siku ya harusi watawapikia wageni mchanga.

"Wacheke," alisema Kunigunda. "Meno ni yao."

Akapanga karoti ndani ya masanduku, safu ya mchanga, safu ya karoti, zisigusane. Majani ya kunde na ya maboga aliyachovya kwenye maji ya moto yenye chumvi, akayaanika kivulini juu ya kichanja, si juani, yasipoteze rangi. Kabichi akazing'oa na mizizi, akazitundika kwenye boriti za ghala, safu kwa safu, kila moja na nafasi yake. Kisha akaufunga mlango na ufunguo akautia kwenye kamba ya rozari yake shingoni. Joakim akiuomba ufunguo alinyimwa. Edina akiuomba alinyimwa. Kila siku alinusa penye ufa wa mlango, akaondoka.

Siku zikaenda. Bustani ikafa kama ilivyo ada yake. Kijiji kizima kikarudi kwenye maharage, na kwenye jumuiya wanawake wakaacha kumuuliza habari za mboga, jambo lililomuuma kuliko kama wangemcheka. Alikonda. Mara mbili aliota anafungua mlango wa ghala na uji mweusi unamtiririkia miguuni.

Jumamosi ya harusi, watu walipokuwa bado wanapiga mswaki, alikwenda ghalani na Aurelia na wapishi. Akautoa ufunguo shingoni, akauingiza. Mlango ukafunguka. Hakukuwa na harufu, ila ya mizizi na udongo mkavu. Aliitungua kabichi ya kwanza. Ilikuwa nyepesi kidogo kuliko alivyoikumbuka, na nje imesinyaa, mbaya, ya kutupa. Aurelia akauma mdomo. Kunigunda akabandua jani, akabandua la pili, la tatu, akachukua kisu cha mpishi, akaipasua katikati juu ya goti lake.

Nyeupe! Majani yamebanana, maji yanametameta kwenye mkato! Akatia mkono sandukuni, mchanga ukapita vidoleni, akatoka na karoti iliyonyooka, nyekundu, ngumu.

Aurelia alipiga kigelegele kilichowaamsha wajukuu wa kijiji kizima. Kunigunda hakupiga. Alisimama katikati ya ghala lake, kabichi zinaning'inia kila upande, akajisikia amekuwa mrefu. Alijisikia vizuri mno, jamani, wala sitamsemea uongo kwamba alinyenyekea. Alizunguka akizigusa, na kichwani alikuwa anapanga maneno. Alikuwa na neno lake kwa Mama Dunstan, amelinoa tangu siku ile ya kulamba chumvi. Angengoja mwanamke yule ale, ashibe, ndipo amuulize mbele ya watu: "Mkwe, chumvi imekolea?"

Misa ikaisha, wageni wa ziwani wakafika na pikapu ya kukodi, ngoma juu. Eliza akashuka kavaa kitenge kipya, na nyuma yake msichana amebeba kapu kubwa lililofunikwa kwa kitambaa. Upepo ukainua kitambaa. Usipa! Kapu limejaa usipa mkavu, dagaa wa ziwani! Mwanamke amekuja harusini na kitoweo chake mwenyewe, kwa tahadhari, asije akala mchanga. Kunigunda aliona nyota mchana. Akameza mate, akasema karibuni, karibuni sana wakwe zetu, na lile neno lake akalinoa tena.

Chakula kikatoka. Wali, nyama, na mbele ya nyama sinia za kabichi iliyokaangwa na karoti, na mabakuli ya majani ya kunde yaliyotiwa karanga. Watu wa kijiji wenyewe walitoa macho. Mwezi wa kumi na moja! Watoto walinyang'anyana karoti. Wageni walikula, wakaongeza. Eliza alikula kimya. Akaongeza naye, kimya. Kisha akaweka sahani chini, akasema kwa sauti iliyofika mpaka meza ya maharusi:

"Mama Edina! Tuambie ukweli, sisi ni ndugu sasa. Umezinunua wapi?"

Kelele zikakatika. Mpiga ngoma akashika ngoma yake. Edina, kwenye meza ya maharusi, aliinamisha uso.

Kunigunda akainuka. Alimwendea Eliza, akamshika mkono, akamwinua, akamwongoza mpaka ghalani, na nusu ya harusi ikawafuata. Akausukuma mlango.

Zilizobaki zilikuwa bado nyingi, zimening'inia kichwa chini, mizizi yake na udongo mwekundu wa bondeni umekaukia humo. Eliza alizitazama. Akaigusa moja, ikayumba. Akainama kwenye sanduku, akatia mkono wake na bangili zake zote mchangani, akatoa karoti. Akaigeuza. Alikuwa mwanamke mwerevu, hakuhitaji kuelezwa, na uso wake ulishuka wote. Alisimama na karoti mkononi mbele ya watu wa kwao na watu wa kwetu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusema.

Watu wakamtazama Kunigunda. Aurelia alikuwa ameshaweka mkono mdomoni tayari kucheka. Neno lilikuwa limefika ulimini, lote, tamu.

Ndipo Kunigunda akamwona Edina. Alikuwa amesimama mlangoni, shela imeinuliwa, na hakuwa anaziangalia kabichi. Alikuwa anamwangalia mama mkwe wake, kwa hofu. Jioni ile ile atapanda gari moja na mwanamke huyu. Kesho atawasha moto katika jiko lake. Na Kunigunda akaelewa kwamba neno lake, alilolitunza kuliko kabichi, siku zote litakuwa linalipwa na mtoto yule, chungu kwa chungu, mpaka uzee.

Akalimeza. Lilimkwaruza koo, lakini alilimeza. Kisha akageukia watu, akasema kwa sauti yake ya jumuiya:

"Wageni wetu, wenyeji wenzangu! Mnashangaa karoti? Mimi peke yangu nilizijaribu, zikaoza zote, Aurelia ni shahidi, kijiji kizima kiliziba pua. Mpaka nilipopata mchanga wa Mbamba Bay. Mchanga wa kwa Mama Dunstan huu! Yeye amemlea Dunstan, na Dunstan ameubeba. Bila wakwe zetu leo tungekula maharage."

Eliza alimtazama. Alimtazama sana, na Kunigunda akaona kwamba mwenzake ameelewa kila kitu, hata lile ambalo halikusemwa. Kisha kichwa cha Eliza kikainuka.

"Si niliwaambia!" alipiga kelele, ameshika karoti juu. "Mchanga wetu! Mlidhani ni wa kukalia tu? Ziwa letu linatunza hata mboga za milimani!" Akapiga kigelegele, watu wake wakaitikia, ngoma ikalipuka, na wakamtoa Kunigunda ghalani wamembeba mabegani.

Wakati wa kuagana, jua likiwa bado liko juu ya vilele, Eliza alimpandisha Edina kiti cha mbele, ubavuni kwa dereva. Yeye mwenyewe, mama mkwe, akapanda nyuma na vyombo. Watu wa mlimani walinong'onezana, hawajapata kuona. Lile kapu la usipa alimkabidhi Kunigunda, halijaguswa, na alipomwinamia alimwambia sikioni, "Mama Edina, huyu ni binti yangu. Umesikia? Huyu nitajivunia." Sauti yake haikuwa na utani hata kidogo. Na pikapu ilipoondoka, alikuwa ameshaanza kuwaeleza wenzake jinsi mchanga wa kwao ulivyo.

Aurelia alikuwa amekasirika mpaka machozi.

"Umemwachia! Miezi yote hii, ndoo kichwani, umekonda, halafu umemwachia yeye aseme ni mchanga wake! Sasa umeshindwa hivi hivi."

Kunigunda alikuwa anaitazama pikapu ikishuka kwenye kona, shela nyeupe ikionekana kwenye dirisha la mbele. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaliweka kapu kichwani vizuri, akanyoosha shingo.

"Nimeshinda, Aurelia," alisema. "Nimeshinda mpaka nikambakizia na yeye."